Kabla ya Kununua Maikrowevu, Tazama Njia ya Hewa na Mahali Ilipo Taa

Wanaoniomba ushauri kuhusu maikrowevu huanza karibu kila mara na wati, ukubwa wa sahani inayozunguka na wingi wa vitufe. Baada ya miaka mingi ya kuzitumia, kuzisafisha na kusimama kando ya mafundi wanapozifungua, mimi huuliza kwanza mambo mawili: hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, na taa ya ndani imewekwa upande gani. Hayo huonekana madogo kwa sababu hayatangazwi kwenye boksi, lakini ndiyo yanayoamua kama chombo kitadumu, na kama utayaona maziwa yakianza kupanda kabla hayajamwagika.

Nianze na hewa. Kifaa kinachotoa mawimbi ndani ya oveni hizi huitwa magnetroni, nacho hakiwezi kugeuza umeme wote kinaopokea kuwa mawimbi. Takriban theluthi moja ya nguvu inayokifikia hubaki palepale ikiwa joto, na transfoma inayokilisha umeme huongeza joto lake. Ndiyo maana oveni iliyoandikwa wati 800 za kupikia huvuta kwenye soketi wati 1,200 au zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hukusanyika nyuma ya paneli ya vitufe, katika nafasi finyu iliyojaa nyaya, na isipoondolewa haraka magnetroni hufa.

Historia ya chombo hiki yenyewe ni historia ya kutafuta namna ya kukipoza. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aligundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupasha chakula, na oveni ya kwanza ya biashara, Radarange, ikaingia sokoni mwaka 1947. Ilikuwa na kimo cha karibu meta 1.8 na uzito wa takriban kilo 340, na magnetroni yake ilipozwa kwa maji, kwa hiyo aliyeinunua alilazimika kuivutia bomba. Chombo cha namna hiyo kilifaa jiko la hoteli au la meli. Ile ya kukaa juu ya meza, kama iliyouzwa na Amana kuanzia mwaka 1967, ilihitaji magnetroni ndogo iliyozungukwa na mapezi membamba ya alumini, yaani vibati vya kutawanya joto, na kupulizwa na feni. Leo feni hiyo ndiyo sauti unayoisikia mara tu unapobonyeza kitufe cha kuanza. Watu hudhani ni mlio wa mawimbi, kumbe mawimbi hayana sauti.

Njia ya hewa katika oveni nyingi za mezani ni hii. Feni huvuta hewa ya jikoni kupitia matundu ya nyuma, ya ubavuni au ya chini, huipitisha juu ya mapezi ya magnetroni na juu ya transfoma, kisha sehemu ya hewa hiyo, ikiwa imekwisha kupata joto, husukumwa ndani ya chemba ya kupikia kupitia kipande cha ukuta kilichotobolewa vitundu vingi. Humo hubeba mvuke wa chakula, hukausha kioo cha mlango, na kutoka kupitia vitundu vya upande mwingine. Ninaupenda usanifu huu kwa sababu joto ambalo lingekuwa hasara hupewa kazi ya kuzuia ukungu kwenye kioo. Ukiona oveni ambayo mlango wake unatiririka maji kila unapopasha supu, jua kwamba hewa hiyo haifiki inakopaswa kufika, ama kwa sababu imesanifiwa vibaya, ama kwa sababu njia imeziba.

Dukani, omba oveni iwashwe ikiwa na glasi ya maji ndani. Usikubali iwashwe ikiwa tupu, kwani mawimbi yakikosa cha kuyanyonya hurudi kwenye magnetroni na kuitesa. Kisha chukua kipande cha karatasi laini, ile ya kujipangusia mikono, ukishike kwa ncha ya vidole na kukipitisha taratibu kuzunguka mwili wa oveni. Kwenye matundu ya kuingizia hewa karatasi hunata kwenye bati. Kwenye matundu ya kutolea hupeperuka na kuwa na uvuguvugu. Kwa muda mfupi utakuwa umeichora kichwani ramani nzima ya hewa. Sasa fikiria mahali utakapoiweka nyumbani. Ikiwa upande unaotoa hewa utaelekea ukuta wa karibu, hewa ya moto itagonga ukuta na kuvutwa tena ndani, na feni itakuwa inazungusha joto lilelile.

Vijitabu vya maelekezo hutaja nafasi ya kuachwa kila upande, na vingi hutaka nafasi kubwa zaidi juu, mara nyingi kati ya sentimita 20 na 30. Watu hupuuza kwa kuwa oveni haiungui siku ya kwanza. Jamaa yangu mmoja alimpa seremala kazi ya kutengeneza kabati la jikoni, na seremala akachonga shimo lililoibana maikrowevu ya mezani pande zote. Kazi ya mbao ilikuwa safi kabisa. Ikawa ukipasha sahani moja, sawa. Ukipasha ya tatu mfululizo, taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, na chakula kinatoka baridi. Fundi aliyeitwa hakubadilisha hata skrubu moja. Aliitoa oveni kabatini, akaiweka mezani, akasubiri ipoe, na ikafanya kazi vizuri. Magnetroni huwa na swichi ya joto inayokata umeme wake inapozidi kiwango, na kutegemea muundo, oveni huzimika yote au huendelea kuzunguka bila kupasha. Anayetaka oveni ndani ya kabati anunue iliyoundwa kwa ajili ya kabati, pamoja na fremu yake yenye njia za hewa. Kutoboa matundu nyuma ya kabati, kama seremala yule alivyopendekeza baadaye, husaidia kidogo tu, kwa maana hakutenganishi hewa inayoingia na inayotoka.

Kuna jambo dogo linalowatia watu wasiwasi bila sababu: oveni imemaliza, kengele imelia, na feni bado inaendelea kwa dakika kadhaa. Katika miundo mingi ndivyo ilivyokusudiwa, ili joto lililobaki litoke. Usichomoe waya wa umeme kwa kuudhiwa na kelele hizo.

Tukija kwenye taa, swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini mwanga wa ndani ni hafifu kuliko ule wa jokofu. Jibu ni kwamba balbu ya maikrowevu haimo ndani ya chemba hata kidogo. Ingekuwemo, mawimbi yangesisimua gesi iliyomo na kuvifanya vyuma vyake kurusha cheche. Kwa hiyo huwekwa nyuma ya ukuta, na mwanga hupenya kwenye vitundu. Mawimbi ya oveni hizi yana masafa ya gigahetsi 2.45, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 12 na ushee. Tundu lenye upana wa milimita moja au mbili ni dogo mno kwao kupita, ilhali mwanga, ambao mawimbi yake ni mafupi kuliko hata elfu moja ya milimita, hupita bila shida. Hewa nayo hupita. Wavu ulio kwenye kioo cha mlango hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na ndiyo maana kuviogopa vitundu vyake hakuna msingi. Cha kuogopa ni mlango uliopinda au usiofunga sawasawa.

Hapo ndipo hewa na mwanga vinapokutana, na hapo ndipo ningependa mnunuzi atie akili. Katika oveni nyingi balbu hukaa katika chumba kilekile cha magnetroni, kwenye mkondo wa feni, na vitundu vya mwanga viko karibu na vitundu vya hewa au ni vilevile. Mafuta yanaporuka kutoka kwenye chakula kisichofunikwa huviziba vyote pamoja. Mtu hulalamika kwamba taa imefifia, na baada ya muda analalamika kwamba kioo kina ukungu, akidhani ana matatizo mawili. Chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kamua vizuri, ufute vitundu bila kuvichokonoa kwa sindano wala kijiti, na usinyunyize dawa ya kusafishia moja kwa moja, kwa kuwa nyuma yake kuna umeme. Kwenye matundu ya nje brashi laini au mashine ya kufyonza vumbi inatosha. (Mende nao huyapenda sana matundu hayo, kwa sababu nyuma ya paneli kuna joto usiku kucha, na vumbi lenye mafuta ndilo mwaliko wao.)

Mahali pa taa panastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Kwa kuwa nyaya zote ziko upande wa vitufe, watengenezaji wengi huweka balbu upande huo, na mwanga huja kwa ubavu. Ukiingiza kikombe kirefu au bakuli lenye kuta ndefu, upande wa pili hubaki gizani na uso wa chakula hauonekani. Taa iliyo juu, hasa iliyosogezwa mbele kidogo karibu na mlango, humulika ndani ya bakuli, na ndiyo ninayoichagua kila ninapopewa nafasi ya kuchagua. Iliyo juu lakini nyuma kabisa huleta kasoro nyingine: chakula huwa kati ya taa na macho yako, nawe huona umbo jeusi tu. Jaribu dukani kwa kikombe kirefu, iname hadi macho yawe usawa wa mlango, utazame unaona nini.

Rangi ya ndani nayo ina mchango. Kuta za kijivu chepesi au nyeupe zisizometameta hutawanya mwanga hafifu mpaka kwenye kona. Chuma kisichoshika kutu hudumu na husafishika vizuri, lakini hurudisha mng'ao mahali pamoja na kuacha kwingine giza. Wavu wa mlango unapaswa kuwa mweusi upande unaokutazama. Wavu wa rangi nyepesi huakisi taa ya jikoni na macho yako yakaishia hapohapo. Milango iliyotengenezwa kama kioo cha kujitazamia inapendeza sana dukani, ila usipokuwa na taa ya ndani yenye nguvu utakuwa unautazama uso wako mwenyewe huku uji ukifurika.

Kuhusu aina ya balbu, za LED hula umeme kidogo na huchangia joto kidogo tu, lakini joto la nje hufupisha maisha yake. Katika oveni ya kupasha tu hilo si tatizo kubwa. Katika ile yenye grili au feni ya hewa moto, ambamo chemba hupita nyuzi 200 za Selsiasi, balbu ya waya iliyotengenezwa kwa ajili ya oveni hustahimili zaidi, isipokuwa LED ziwe zimewekwa mbali na zenye mkondo wao wa kupozwa.

Swali ambalo wauzaji hawalipendi ni hili: balbu ikiungua, inabadilishwaje? Oveni chache zina kifuniko kidogo cha skrubu moja nyuma au ndani. Nyingi hazina, na balbu iko chini ya gamba zima la nje. Niliwahi kumlipa fundi ujira uliozidi bei ya balbu mara kadhaa, na sikuona dhuluma yoyote kwake. Dhuluma ilikuwa ya aliyesanifu. Tafadhali usifungue gamba hilo mwenyewe ili kuokoa fedha. Ndani yake mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa zaidi ya volti 2,000 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaua.

Zipo pia maikrowevu zinazofungwa juu ya jiko la kupikia na kufanya kazi ya kuvuta moshi. Hizi zina njia mbili za hewa zisizohusiana, moja ya kujipoza na nyingine ya kuvuta moshi wa jiko lililo chini yake. Kabla fundi hajaifunga, muulize kama mdomo wa feni umegeuzwa kuelekea bomba lako la kutolea moshi nje. Feni hiyo kwa kawaida inaweza kuelekezwa nyuma, juu, au mbele ili irudishe hewa jikoni, na isipogeuzwa itavuma kwa nguvu zote ikipuliza ukuta. Hali ya kurudisha hewa jikoni huondoa mafuta na harufu kiasi, lakini mvuke na joto hubaki nawe, kwa hiyo palipo na uwezekano wa kutoboa ukuta, toboa. Kichujio cha wavu wa alumini huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila mwezi, au mara nyingi zaidi ukikaanga sana. Kile cha mkaa hakioshwi, hubadilishwa. Taa za chini ya oveni hizo, tofauti na ile ya ndani, kwa kawaida hufikika kwa kufungua kifuniko tu. Kifuniko hicho hushika mafuta upesi, basi kifute siku ileile unapoosha kichujio, baada ya taa kupoa.