Krismasi ya mitumba, vitenge na makopo: namna ya kuipamba nyumba ikapendeza

Kinachoharibu mapambo ya mitumba na ya kutengeneza kwa mikono kuliko kitu kingine chochote ni wingi wa rangi. Ukichanganya utepe wa zambarau uliopata kwa bei ya kutupa na mipira ya buluu, vitenge vya kila aina na maua ya plastiki ya waridi, sebule inafanana na meza ya muuzaji. Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika nyumbani, kabla hujatia mguu sokoni: chagua rangi tatu. Nyekundu, kijani na rangi ya katani ni chaguo lisilokosea, kwa sababu katani, ukindu, gunia na mbao zote zina rangi hiyo moja ya asili na zinakubaliana. Nyeupe, dhahabu na buluu ya bahari nayo inapendeza sana kwenye nyumba yenye kuta nyeupe. Kitu kikiwa nje ya rangi zako tatu, kiache hata kama ni cha bure. Huo msimamo ndio unaotofautisha nyumba iliyopambwa na nyumba iliyojazwa vitu.

Mitumba: nenda mapema, na ujue unachotafuta

Karume pale Ilala, Memorial Moshi, Gikomba na Toi Nairobi, Kongowea Mombasa: kote huko mapambo ya Krismasi hupanda bei Desemba ikifika. Septemba na Oktoba ndio wakati wake. Muuzaji akikuta mapambo ndani ya belo miezi hiyo anayasukuma pembeni, anataka yaondoke.

Lakini usitafute mapambo tu. Nguo ndiyo mali. Mapazia ya mahameli mekundu au ya kijani hutoa foronya za mito ya sofa, na pazia moja la mita mbili linatosha foronya nne za sentimita 45 kwa 45, ukitoa sentimita moja na nusu ya kushonea kila upande. Mashuka meupe ya pamba hugeuka vitambaa vya meza. Masweta ya sufu halisi, yenye lebo ya sufu asilimia mia, yana siri yake: yafue kwa maji ya moto na sabuni, uyasugue kwa nguvu, na sufu itajishika na kuwa nzito kama kitambaa cha koti. Baada ya hapo unakata nyota, kengele au soksi za kutundika, na ukingo haufumuki wala hauhitaji pindo. Sweta la akriliki halifanyi hivyo hata ukilichemsha. Litalegea tu na kuharibika. Soma lebo kwanza.

Kila nguo nyekundu ijaribu rangi yake kabla ya kuiweka pamoja na kitu cheupe. Lowesha kitambaa cheupe, kikandamize juu ya nguo, kisha pitisha pasi ya moto. Kikitoka na wekundu, nguo hiyo ifue peke yake mara kadhaa. Ikiendelea kutoa rangi, usiiweke mezani ambako chai itamwagika.

Taa za mtumba zinahitaji uangalifu wa pekee

Hapa sitapunguza maneno, maana panahusu moto na watoto. Taa za Krismasi zinazotoka Marekani na Kanada, ziwe za belo au zimeletwa na ndugu, zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Ukizichomeka kwa adapta ya kawaida inayobadilisha umbo la plagi tu, zinapata karibu mara mbili ya umeme wake: zitawaka kwa mwanga mkali na kuungua, na waya unaweza kuyeyuka. Tazama kibandiko kidogo karibu na plagi. Kikiandikwa 120V, ziache sokoni, kwa sababu transfoma ya kuzifaa mara nyingi ina bei kuliko taa mpya.

Za Uingereza na Ulaya zinafaa kwa volti, ila plagi ya miguu miwili ya duara ibadilishwe na fundi umeme kwa plagi ya miguu mitatu bapa yenye fyuzi ya ampia 3. Kabla ya kulipa, shika waya mwanzo hadi mwisho na uukunje taratibu kila baada ya kiganja. Mpira uliopasuka popote, usinunue. Kiboksi cha betri kifungue. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, futa kwa siki kidogo na mswaki wa zamani, kausha, kisha jaribu.

Kama una uwezo wa kuchagua, chagua taa za LED. Mbali na kutopata joto, zinaokoa Luku: mkanda wa taa za zamani wa wati 40, ukiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, unakula yuniti 6. Wa LED wa wati 5 haufikishi hata yuniti moja.

Kamba ya vitenge

Kila fundi cherehani ana kiroba cha vipande pembeni, na wengi watakupa bure au kwa hela ya soda. Chagua vya pamba, kwa sababu kitambaa cha pamba ukikichana kinafuata uzi na kutoka kimenyooka. Kutambua pamba, choma uzi mmoja: ya kweli inanuka kama karatasi na kubaki majivu, ya polyesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Chana vipande vya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 18. Unatia mkasi mwanzoni tu, halafu unavuta. Nyuzi zitakazoning'inia usizipunguze. Ndizo zinazoipa kamba unene wake. Funga kila kipande kwa fundo moja kwenye kamba ya katani, ukisukuma fundo likae bega kwa bega na lililotangulia. Mita moja hula vipande 50 hivi, kwa hiyo dirisha la mita tatu linataka 150, sawa na sentimita 60 za kitenge kizima. Watu wanaponiambia kamba yao imekonda, karibu kila mara wameacha nafasi kati ya mafundo.

Usiibandike ukutani kwa selotepu. Kwenye joto na unyevu wa pwani itaachia usiku uleule, na itakayoshika itaondoka na rangi ya ukuta. Ifunge kwenye nondo za dirisha, kwa ndani, na kwenye bomba la pazia. Na chochote unachotundika katikati ya sebule kipishe pangaboi kwa mita moja nzima.

Taa za makopo

Kati ya vyote, hili ndilo pambo ninalolipenda zaidi, na gharama yake ni msumari. Tafuta makopo ya maziwa ya unga, ya gramu 400 au 900, yenye ubavu laini. Yale yenye mikunjo hayafai, msumari unateleza. Jaza maji, acha sentimita tatu juu, weka kwenye friza usiku kucha. Barafu ndiyo inayozuia kopo lisibonyee unapoligonga. Kitako kitafura kidogo kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Ukimaliza kazi kigeuze juu ukipige kwa nyundo taratibu, kinarudi.

Chora nyota, mtende au samaki kwenye karatasi, zungushia kopo na ufunge kwa uzi. Lilaze juu ya taulo lililokunjwa ili lisibingirike. Toboa kwa msumari wa inchi mbili, ukianza na mstari wa nje wa mchoro, tundu kwa tundu, umbali wa sentimita moja. Chini ya nusu sentimita, matundu yataungana na bati litachanika. Msumari ukishapenya, uzungushe kidogo ndio uung'oe. Ukiuvuta moja kwa moja unanasa kwenye barafu. Barafu ikianza kulegea kabla hujamaliza, rudisha kopo kwenye friza badala ya kuharakisha. Asiye na friza ashindilie mchanga mbichi ndani mpaka ugande kwa kukazwa. Matundu hayatakuwa safi kama ya barafu, ila yanapendeza.

Mwaga barafu, kausha kopo mara moja, na ulipake rangi au tone la mafuta ya kula kwa kitambaa, la sivyo kesho yake kila tundu lina kutu. Ndani weka mchanga sentimita mbili na mshumaa mfupi. Kopo linapata moto, kwa hiyo kalio lake liwe juu ya kigae au sahani, mbali na pazia na juu ya kimo cha mtoto. Barazani jioni, matatu kwa pamoja, michoro yake inatambaa ukutani.

Shada la mlangoni kwa ungo uliochakaa

Ungo uliotoboka usiutupe. Kata ukindu wa katikati ubaki na mduara wa nje, ambao kwa kawaida ni sentimita 40 hivi. Uzungushie utepe wa gunia, kisha funga vitu kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo duka la vifaa vya ujenzi. Gundi ya kuyeyusha kwa moto inalainika kwenye mlango unaopigwa jua, na vitu vinaanza kudondoka kimoja kimoja.

Cha kufunga kiko njiani. Mkrismasi unachanua wekundu majira haya, lakini maua yake yananyauka siku hiyohiyo ukiyachuma. Chukua makasha yake makavu ya mwaka jana, yale marefu ya kahawia yanayolia mbegu zikitikiswa. Kama una ndugu Lushoto au Mufindi, aje na koni za misonobari. Zikiwa na unyevu hujifunga, zikikauka hufunguka, kwa hiyo zianike juani siku mbili tatu ndipo uzitumie. Jua hilo linafukuza na wadudu. Ukitaka dhahabu, pulizia rangi nje ya nyumba, umbali wa sentimita 25, mara mbili kwa wepesi. Ukipulizia nzito mara moja inachuruzika.

Mti

Pwani tunatumia tawi la mvinje, bara saipresi. Omba kwa mwenye shamba au nunua. Mivinje ya ufukweni inazuia mchanga usiliwe na bahari, usiiguse. Tawi la mita moja na nusu likatwe asubuhi, tarehe 22 au 23, si kabla, maana halizidi siku kumi likiwa na sura. Ukifika nyumbani likate tena kwa mshazari sentimita mbili chini na ulisimamishe kwenye maji usiku mmoja.

Chukua ndoo ya lita 20, weka mawe matatu makubwa chini, simamisha tawi katikati yake, shindilia mchanga hadi nusu na uumwagie maji. Lita kumi za mchanga mbichi zinakaribia kilo 20, mtoto akivuta tawi ndoo haianguki. Mchanga ubaki na unyevu kila siku. Funika ndoo kwa gunia. Vijitawi vya mvinje ni laini na vinainama, kwa hiyo vizito vikae karibu na shina, nchani tundika nyota za ukindu tu. Ukindu ulowekwe kwanza dakika kumi. Mkavu unavunjika kwenye kona.

Pango

Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia nyasi, ng'ombe na punda wa kweli. Sisi tunazo nyasi, na maganda ya mahindi. Tumia maganda yaliyokwisha kukauka, uyaloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa robo saa. Maganda mabichi yatasinyaa yakikauka, uzi utalegea na kichwa kitachomoka.

Panga maganda sita, yafunge ncha moja kwa uzi wa katani, kisha yageuze yafunike lile fundo juu ya kidonge cha pamba: hicho ni kichwa. Funga shingo. Ganda moja lililoviringwa, sentimita 12, lipitishe kati ya matabaka liwe mikono, ndipo ufunge kiuno. Kausha kivulini siku mbili, juani yanajikunja. Sanamu ikikataa kusimama, jaza vipande ndani ya vazi na ukate chini pawe sawa. Mashela na majoho ni kitenge. Mtoto Yesu asikae horini mpaka usiku wa tarehe 24, na mamajusi waanzie mbali, juu ya kabati, wasogezwe kidogo kidogo mpaka Epifania, 6 Januari. Watoto wapewe kazi hiyo ya kuwasogeza, wataikumbuka kila jioni.

Jambo moja kuhusu gundi: ya unga wa ngano inaita mende na kuota ukungu kwenye unyevu. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Mapambo yakishuka, majani yapeleke bustanini na mengine yote uyaanike nusu siku kabla ya kuyafunga. Maganda na ukindu yazungushie gazeti pamoja na karafuu chache au majani makavu ya mwarobaini. Taa zizungushe kwenye kipande cha kadibodi, toa betri, na juu ya boksi andika volti zake kwa kalamu nene.