Jibu: Sauti inazama 2,000 Hz woofa na twita zikicheza pamoja

Habari mkuu. Umesema woofa (spika ya besi) na twita (spika ya sauti nyembamba), kila moja ikicheza peke yake iko safi, ila zikiwa pamoja sauti inazama karibu na 2,000 Hz. Usiongeze ikwalaiza (kirekebishi cha masafa ya sauti) hapo, nilipoteza wiki nzima kwa kosa hilo. Kwanza geuza polariti ya twita (chanya iwe hasi) ndani ya programu ya kuchakata sauti. Shimo hilo la sauti likijaa, huenda tatizo ni muda: sauti ya woofa huanzia nyuma kidogo. Kwa 48 kHz (sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde), katika muda wa sampuli moja sauti husafiri kama milimita 7 hewani. Twita iliyo mbele kwa milimita 35 icheleweshe sampuli 5. Polariti ikiwa bado imegeuzwa, ongeza au punguza sampuli mojamoja hadi shimo lizame kabisa, maana hapo muda umelingana, ndipo urudishe polariti. Hiyo ni kwa krosova (kichujio kinachogawa sauti kati ya woofa na twita) ya aina ya Linkwitz-Riley ya dB 24 kwa oktavi. Boksi lako sijalipima, basi amini maiki ya kupimia, na usiisogeze katikati ya kazi.