Mume amefariki bila wosia, shemeji wanataka nihame

Pole sana dada yangu kwa msiba. Umeuliza kama shemeji zako hapo Busia, Uganda, wanaweza kukutoa nyumbani kwa sababu marehemu hakuacha wosia. Hawawezi. Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022, na nyumba mliyokuwa mkiishi ni ya kukaa wewe na watoto. Haigawiwi kama mali nyingine. Anayemfukuza mjane humo anatenda kosa la jinai. Waambie hivyo, mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ikiwezekana.

Mali iliyobaki hugawiwa hivi: watoto asilimia 75, mjane 20 (zamani ilikuwa 15), ndugu waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila (anayetambuliwa na ukoo) 1. Ndiyo, moja tu! Huyo kaka mkubwa wa marehemu anayejitangaza mwenye kila kitu ameachiwa hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni ndoa yenu. Unasema mlioana kimila na hamkusajili, na ukoo ukitaka kukukana utaanzia hapo. Tafuta sasa hivi picha za siku mahari ilipopelekwa, na majina ya wazee walioshuhudia. Kisha nenda na cheti cha kifo kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, uombe cheti cha kutokuwa na pingamizi, kinachoonyesha kwamba hapingi wewe usimamie mali ya marehemu. Kisha omba mahakamani barua za usimamizi, yaani hati ya kukuruhusu kusimamia mali hiyo. Ukikosa pesa za wakili, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake bure.

Na ile karatasi shemeji zako waliyokuletea matangani, tafadhali usiitie sahihi wala dole gumba.