Likizo ya miji kadhaa ya pwani: hesabu siku za bahari, sio idadi ya miji

Safari yangu ya kwanza ya pwani niliyoipanga mwenyewe ilikuwa siku 9, miji 5. Nilikesha na ramani natia alama, huu una mchanga mweupe, huu una mji wa kale, huu una visiwa karibu, nikajumlisha nikaona mbona zinatosha. Niliporudi nyumbani nikakaa chini nikahesabu muda niliokuwa ndani ya maji kweli, yaani mwili umelowa, haikufika hata masaa kumi safari nzima. Iliniuma sana, maana ile hela niliiweka kidogo kidogo mwaka mzima.

Kilichonila ni kuhama. Angalia hesabu yenyewe: miji 5 maana yake unahama mara 4, ongeza siku ya kufika na siku ya kuondoka, hizo ni siku 6 kati ya 9 zimeenda barabarani na kwenye boti. Siku ya kuhama usiihesabu kama siku ya bahari hata kama umbali ni mfupi. Asubuhi unakunja nguo bado zina maji, saa nne au saa tano hoteli inataka chumba chake, unasubiri gari, unasubiri boti ijae, unafika unaambiwa chumba bado mpaka saa nane au saa tisa, ukishaoga na kupumzika kidogo jua hilo linazama. Na huku kwenye tropiki mchana ni karibu masaa 12 tu mwaka mzima na giza likianza linaingia haraka, hakuna zile jioni ndefu za kukusubiri.

Kwa hiyo siku hizi mi napanga hivi: siku 9 au 10 miji 2, wiki mbili miji 3, basi. Na kila mji nakaa kama siku 5. Watu wananiambia siku 5 sehemu moja ni nyingi utachoka, lakini sababu yangu kubwa ni maji yenyewe, kujaa na kupwa, na hili ndilo ninaloomba ulisome kwa makini kuliko mengine yote.

Sehemu nyingi za pwani maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mji wa tatu wa ile safari nilifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, ni bamvua, yaani zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, maji yametoka mbali kabisa, saa sita mchana yote mbele yangu ni matope na mwani na madimbwi, ukitaka kuogelea unatembea mpaka uchoke. Kesho yake hivyohivyo, imesogea tu hadi karibu saa saba. Kesho kutwa nikaondoka nikiamini ule ufuo ni mbaya. Kumbe ningekaa tu! Ukipiga dakika 50 mara siku 5 unapata kama masaa manne, yaani maji yaliyokuwa yanapwa saa sita mchana yangekuwa yanapwa saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yangekuwa yamejaa mpaka karibu na mchanga. Tena siku hizo bamvua imeshapita, ni maji mafu, hayatoki mbali. Mtu wa siku mbili anaiona sura moja tu ya bahari anaondoka nayo, wa siku tano anaziona zote.

Sasa hii inategemea na pwani unayokwenda. Afrika Mashariki wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4, ni kubwa mno, lakini visiwa vingi vya Karibiani haifiki hata nusu mita, kule huna haja ya kuangalia mwezi. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo bure kwenye intaneti, andika jina la mji na tarehe zako kabla hujafanya buking. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, nusu mwezi ni maji mafu. Na bamvua sio adui, maji yakitoka hivyo ndio unatembea kwenye miamba unaona viumbe ambavyo siku nyingine vimefunikwa, ila vaa viatu, ile miiba mirefu myeusi ya viumbe wa miambani (sea urchin) ikikuingia mguuni likizo imeishia hapo.

Baada ya maji ni upepo na mvua, na hapa kosa la wengi ni kuuliza "nchi fulani msimu mzuri ni lini" wakati nchi moja inaweza kuwa na pwani mbili zenye misimu tofauti kabisa. Sri Lanka kusini magharibi kuzuri ni kama Desemba mpaka Aprili, lakini mashariki kule Trincomalee na Arugam Bay kuzuri ni Mei mpaka Septemba. Thailand nayo, Phuket inapigwa na mvua kuanzia Mei mpaka Oktoba, ila Koh Samui upande wa pili mvua zake nzito ni Oktoba mpaka Desemba. Ukichanganya miji ya pande mbili kwenye safari moja, mji mmoja utakuwa na jua na mwingine mawimbi yanapiga mpaka boti hazitoki, umelipa mara mbili umefurahi mara moja. Karibiani msimu wa vimbunga ni 1 Juni mpaka 30 Novemba, watu wanaokwenda miezi hiyo wengi wanachagua Aruba, Bonaire na Curaçao kwa sababu ziko kusini na vimbunga huwa haviwafikii mara kwa mara. Pwani ya Afrika Mashariki ni pepo mbili, kaskazi inayotoka kaskazini mashariki na kusi inayotoka kusini mashariki, kusi likivuma ufuo unaotazama mashariki ndio unakula upepo, basi chagua ule uliojificha upande wa magharibi.

Mpangilio wa miji, anza na ule wa mbali zaidi. Ukitua tu, ikiwezekana, unganisha moja kwa moja mpaka kule mwisho, kisiwani au popote, halafu uwe unarudi taratibu kuelekea uwanja wa ndege. Mi niliwahi kufanya kinyume, kisiwa nikakiweka mwisho, asubuhi ya kuondoka upepo ukaamka boti zikazuiwa, na waliozuia walikuwa sahihi kabisa, lakini ndege haikunisubiri. Usiku wa mwisho lala bara, sio kisiwani, tafadhali. Na ukiwa na boti ya kuvuka chagua ya asubuhi, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari ndio upepo unaanza kuvuta kutoka baharini na maji yanachafuka. Kama utazamia kwa mitungi fanya mji wa kwanza, maana baada ya kuzamia siku kadhaa unatakiwa kukaa angalau masaa 18 kabla hujapanda ndege, mimi naacha siku nzima.

Mizigo sina mengi, begi la mgongoni, magurudumu hayana kazi kwenye mchanga na boti nyingi ndogo unashuka maji yako magotini. Simu na pasipoti kwenye mfuko usioingiza maji. Cash pia, miji midogo ATM inaweza kuwa moja na imekufa. Ukiwa unaelea unaangalia samaki vaa tisheti ya mikono mirefu, mgongo unaungua hujui, na krimu ya jua soma kwanza imetengenezwa na nini, Hawaii tangu 2021 wamezuia kuuza zenye kemikali za oxybenzone na octinoxate ili kulinda matumbawe.

La mwisho ni hili na nalisema kwa uchungu kidogo. Kila mji ni bahari mpya. Ukishaogelea siku tano ndani ya mwamba maji yametulia kama bwawa, unafika mji unaofuata ufuo uko wazi unaingia kwa kujiamini kulekule, na hapo ndipo rafiki yangu alivutwa na mkondo wa maji yanayorudi baharini. Alipona kwa sababu hakushindana nao, aliogelea kwa ubavu sambamba na ufuo mpaka ukamwachia. Tangu siku ile nikifika mji mpya siingii majini kabla sijawauliza wavuvi: wapi panavuta, na maji yakianza kutoka nisiwe wapi? Wananionyesha kwa kidole, hapa sawa, pale usiende, na mimi pale siendi.