Usimzalishe mtoto mara ya pili kwenye makaratasi

Dada yangu wa Leicester, simama hapo hapo ulipo na usimtumie mtu yeyote hata shilingi moja. Umeandika kwamba wewe na mumeo mmemuasili kijana wenu kwa amri ya mahakama huko Uingereza, kwamba mnarudi Unguja mwezi wa Disemba, na ukauliza mambo manne: ofisi ipi inatambua cheti cha kuasili kilichotolewa nje, gharama zake ni kiasi gani, skuli zitampokea vipi, na kama jina lake la ukoo linaweza kubadilishwa. Ni maswali ya maana. Lakini kilichonitoa usingizini ni mstari wako wa mwisho, pale uliposema kwamba kuna bwana mmoja amekuahidi kukutolea cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kwa siku tatu ili usihangaike na karatasi za Kizungu.

Bwana huyo namjua. Huenda si yule aliyenitia mimi shimoni mwaka 2017, lakini maneno ni yale yale na siku tatu ni zile zile. Inaelekea wote wamehitimu chuo kimoja.

Sisi tulimuasili binti yetu Birmingham mwaka 2015. Watu wa ustawi wa jamii walitupekua mpaka kabati la sufuria, na mwishowe jaji akatoa amri. Kuanzia siku ile sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 inamhesabu mtoto kuwa ni kama aliyezaliwa na waliomuasili, na kwa kuwa mke wangu alikuwa raia wa kule, binti naye akawa raia bila ya maombi mengine. Nilikitia cheti kwenye bahasha ya plastiki, nikakilaza juu ya nguo ndani ya begi, nikaamini kwamba karatasi yenye nembo ya taji itanifungulia kila mlango kuanzia Malindi ya Unguja hadi Mkoani ya Pemba.

Karani wa kwanza kunipokea hakunitukana wala hakuniomba kitu. Aligeuza cheti upande wa pili, akakuta patupu, akaniuliza kwa upole: "Sasa mzee, wazazi wa mtoto wako wapi humu?" Nilikuwa nimechukua cheti kifupi, ambacho kinataja jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, basi; hakisemi kuwa ameasiliwa na hakimtaji mzazi yeyote. Kile kirefu, chenye jina la mahakama na tarehe ya amri, kilibaki kwenye droo Birmingham pamoja na chaja mbovu za simu. Juu ya hayo, karatasi yangu haikuwa na muhuri wa ubalozi wala wa wizara, na karani akaniambia wazi kwamba hana njia ya kujua kama imetoka kwa malkia au kwa mpiga chapa wa Darajani.

Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi nyumbani, nimpigie simu shemeji yangu aifungue ile droo, na nisubiri. Badala yake nilikwenda barazani kunywa kahawa na kulalamika. Mtu anayelalamika hadharani kuhusu makaratasi hakosi kusikilizwa na kishoka, yaani dalali wa karatasi za njia ya mkato. Alinijia kwa salamu ndefu, akaulizia ukoo wetu wa Pemba, akamtaja na marehemu babu yangu kwa heshima, kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa naendesha gari huegesha pembeni: "Mtoto ni wenu, nyinyi ni Wazanzibari, basi tatizo liko wapi? Tunamwandikisha hapa hapa kama kizazi kilichochelewa kusajiliwa. Barua ya sheha naileta mimi."

Nililipa shilingi 350,000. Siku ya tatu, baada ya magharibi, aliniletea cheti kinachosema kwamba binti yangu alizaliwa Chake Chake, kwa mama ambaye ni mke wangu na baba ambaye ni mimi. Sijui kilitoka kwenye kabati la ofisi au kwenye printa ya chumbani kwake. Najua kwamba nilikipokea, nikakisoma chini ya taa ya duka, nikaona ni uongo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikakikunja na kukitia mfukoni. Ninamlaani sana kishoka yule, lakini mfuko ulikuwa wangu.

Kwa miaka minne kila kitu kilikwenda vizuri, na ubaya wake ndio huo. Skuli walikipokea. Kwa cheti kile tukamtolea na pasipoti ya Tanzania, ikiwa na majina matatu kwa mtindo wa kwetu, yaani lake, langu na la baba yangu, na mahali pa kuzaliwa pakaandikwa Pemba. Wakati huo huo pasipoti yake ya Uingereza, ambayo kwa mtoto hudumu miaka 5 tu, ilikuwa na jina la ukoo wa mke wangu na ikisema amezaliwa Birmingham. Zilikaa pamoja kwenye droo moja kwa amani, kama paka na panya walioshiba.

Mwaka 2021 ile ya Uingereza ilifika mwisho wake tukaomba mpya. Ukiomba ukiwa nje ya nchi unatakiwa kupeleka nakala za rangi za kila ukurasa wa pasipoti ya nchi nyingine kama mtoto anayo. Tukapeleka, kwa uaminifu wa ajabu. Jawabu lilikuja na maswali ambayo sikuwa na ulimi wa kuyajibu: mtoto huyu ni mmoja au ni wawili, na kama ni mmoja, kwa nini ana mahali pawili pa kuzaliwa na majina mawili ya ukoo? Fikiria jambo hilo linavyoonekana kwa mtu aliyekaa mezani Uingereza na ambaye kazi yake ni kuwalinda watoto. Mtoto aliyeasiliwa, akapelekwa nje, kisha akaibuka na utambulisho mpya unaofuta asili yake. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye, ningemshuku mzazi huyo kwa biashara ya watoto.

Tukaamua kwanza turekebishe upande wa huku. Ofisa mmoja, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliziweka pasipoti mbili za binti yangu sambamba juu ya meza, kisha akaomba na ya mke wangu ya zamani. Akaifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akilowesha kidole kila mara, akitafuta muhuri wa kuingia Tanzania katika mwaka ambao mtoto alizaliwa. Haukuwemo. Mke wangu hakukanyaga nchi hii mwaka mzima ule. Akaifunga, akanitazama mimi na sio mke wangu, akasema: "Kwa hivyo bibi huyu alijifungua Chake Chake kwa njia ya simu." Nilicheka. Hakucheka mwingine chumbani, nami nikakumbuka kwamba kutoa taarifa za uongo kwenye usajili wa kizazi ni kosa la jinai na kwamba sahihi iliyo kwenye fomu ni yangu.

Binti alikaa bila pasipoti ya kusafiria kwa miezi kumi na moja. Mama mkwe aliugua Birmingham na mke wangu akaenda peke yake, na mpaka leo hilo halizungumzwi nyumbani kwetu isipokuwa kwa kufunga mlango wa jikoni kwa nguvu. Nililipa mawakili wawili, mmoja huku na mmoja kule, tiketi, hati za kiapo, na posta za haraka ambazo ziliwasili polepole. Nilipofika milioni tisa niliacha kujumlisha, kwa ajili ya afya yangu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema hata kama hukuniuliza: mtoto aliyeasiliwa ana kizazi kimoja na amri moja, na kila karatasi utakayoitafuta baada ya hapo lazima itokane na hizo mbili. Usimzalishe mara ya pili. Unachokitafuta Zanzibar si cheti kipya. Ni kukubaliwa kwa amri ambayo tayari unayo, na muhuri wa karatasi unaanzia ilikozaliwa karatasi, yaani hapo hapo Uingereza ulipo sasa, si hapa.

Nilipotubu nilifuata njia hii, na niliifuata kutoka Unguja kwa kumsumbua shemeji, ilhali wewe unaweza kuifuata kwa basi na treni. Cheti kirefu kinaagizwa upya kutoka ofisi kuu ya usajili ya Uingereza iliyoko Southport. Nakala ya amri yenyewe, yenye muhuri, inaombwa kwenye mahakama iliyoitoa, na hii ndiyo karatasi ambayo watu wote huisahau na ambayo mawakili wote huiulizia kwanza. Karatasi hizo zinapelekwa kwenye ofisi ya uhalalishaji ya wizara yao ya mambo ya nje, iliyoko Milton Keynes, zinagongwa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha karatasi ili itumike nchi nyingine, na wakati ule nililipa pauni 30 kwa kila karatasi. Watu wengi huishia hapo na kupanda ndege, kwa sababu apostili inapendeza macho. Lakini apostili inatokana na mkataba wa The Hague wa mwaka 1961 na inatosha baina ya nchi zilizomo tu. Tanzania haikuwemo niliposhughulika mimi, kwa hiyo zililazimika kupita pia ubalozi wetu wa London, pale Stratford Place, na kisha ofisi ya Zanzibar ya Wizara ya Mambo ya Nje. Baada ya mlolongo huo ndipo wakili alipokubali kuzishika.

Na yule mjuzi wa kwenye kundi la simu aliyenihakikishia kwamba "kuna mkataba wa kuasili wa mwaka 1993, kila nchi inatambua moja kwa moja", Mungu amsamehe. Mkataba upo, na utambuzi wa moja kwa moja upo, lakini ni kwa nchi wanachama na kwa watoto walioasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine chini ya utaratibu wake. Tanzania si mwanachama, na binti yangu aliasiliwa ndani ya Uingereza na watu wanaoishi Uingereza. Mjuzi mwingine alinipeleka RITA Dar es Salaam, nikapanda boti alfajiri na kupanga foleni, kumbe usajili wa vizazi si jambo la Muungano: RITA ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar tuna wakala wetu wa usajili wa matukio ya kijamii ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, kama tulivyo na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2011, tofauti na ile ya Bara ya mwaka 2009. Ukimsikia mtu anakunukulia sheria, muulize kwanza ni ya upande gani wa bahari.

Wakili wangu wa hapa hakuanza na cheti kabisa. Aliniuliza makazi yetu ya kudumu yalikuwa wapi siku amri ilipotolewa, mahakama ilimsikiliza nani, na kama waliomzaa mtoto walipewa taarifa. Majibu yote yalikuwemo ndani ya amri na kumbukumbu za shauri. Tukapeleka maombi mahakamani kwa mambo mawili pamoja: cheti cha uongo kifutwe, na amri ya Birmingham itambuliwe. La kwanza lilinilazimu kula kiapo na kueleza kwa maandishi, mbele ya watu wanaojuana na ukoo wangu, jinsi nilivyonunua kizazi kwa shilingi 350,000. La pili lilikuwa jepesi kwa kulinganisha, na wakili akaniambia kwa uso mkavu kwamba lingeweza kuwa la pekee.

Ami yangu wa Wete, ambaye sikutarajia aniunge mkono, alinionyesha jambo ambalo hata mawakili hawakuligusa. Nilidhani atachukizwa na cheti cha Uingereza. Akasema hapana, hicho kinasema ukweli kwamba mtoto ameasiliwa. Kinachogombana na aya ya tano ya Suratul Ahzab ni kile cha kishoka, kwa sababu kinamtia kwenye nasaba isiyokuwa yake. Ningekufa nacho, karatasi ingefika kwa kadhi ikimwonyesha binti kama mrithi wa damu, na ndugu zangu wangeanza kugombana kwenye matanga. Leo nimemwandikia wasia ndani ya thuluthi ya mali yangu, na sehemu ya shamba la mikarafuu nimempa hiba ningali hai, mbele ya mashahidi. Hakuna aliyenung'unika, labda kwa kuwa mikarafuu yenyewe ni mizee.

Toa bahasha yako sasa hivi uangalie. Kama cheti chako hakina jina la mahakama, umeshika kifupi kama nilivyoshika mimi, basi agiza kirefu kesho asubuhi, na siku hiyo hiyo uiandikie mahakama iliyotoa amri uombe nakala mbili zenye muhuri, kwa sababu moja itabaki kwenye faili la watu. Na yule bwana wa siku tatu mwambie kwamba mtoto ameshazaliwa.