«Fut» na «était»: si mapacha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma sekondari Bujumbura. Katika Biblia ya Kifaransa nimekuta «Et la lumière fut». Karatasi niliyonunua ya kukariri vitenzi inasema fut na était ni mamoja, yote «alikuwa», ila fut ni la kizamani. Naweza kutumia lolote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, huwezi. Karatasi za namna hiyo naletewa kila muhula, na kila mara nakuta kosa hilohilo.

Fungua Mwanzo 1:3 kwa Kiswahili: «Iwe nuru, ikawa nuru.» Mfasiri hakuandika «nuru ilikuwa». Ile -ka- ndiyo kazi ya fut: jambo limetokea, kisa kimesogea. Était haisogezi kitu, inaeleza hali iliyokuwapo tayari. Ukisema «Lumumba fut arrêté en décembre 1960», unasema alikamatwa. Ukisema «Lumumba était arrêté», msomaji kwa kawaida ataelewa alikuwa amekwisha kukamatwa, na atangoja umwambie nini kilifuata.

Hata kwa asili hayatoki pamoja. Fut ni fuit ya Kilatini. Était imetokana na stare, yaani kusimama. Kitenzi être, yaani «kuwa», chenye maumbo haya yote mawili, kimeokoteza mashina yake huku na huku, ndiyo maana kinawasumbua wengi.

Hilo la «kizamani» ni kweli mdomoni tu. Mfaransa akiongea atasema a été. Lakini ukifungua kitabu cha historia au riwaya, fut na wingi wake, furent, utazikuta tele, hai kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wauzaji wa karatasi hizi hawajali hata ile kofia juu ya herufi. Fût ni umbo jingine: «bien qu'il fût malade», ingawa alikuwa mgonjwa. Na le fût ni pipa! Nimeshika tafsiri za watu wazima, za kulipiwa, zilizochanganya yote matatu, kwa sababu aliyezifanya alifundishwa kwamba neno moja la Kifaransa lina neno moja la Kiswahili la kulibandika. Simu nayo, ukiipa neno pekee bila sentensi, hubandika vivyo hivyo.

Mtu akikuuzia jedwali la maneno mawili mawili, mpe kwanza zile sentensi mbili za Lumumba azitafsiri. Akikupa jibu moja kwa zote mbili, mrudishie karatasi yake.