Mbwa anayelialia: chunguza kinachomliza kabla ya kumnyamazisha

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mbwa wako wa ulinzi, dume ambaye hajatimiza mwaka, hulialia bandani kuanzia alasiri hadi anapofunguliwa usiku, kwamba majirani zako wa Goba wameanza kulalamika, na kwamba umeshauriwa umchape au umpe vidonge vya usingizi. Nimefuga mbwa hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, kwanza Tabata na sasa Kigamboni, na ninakusihi uyaache yote mawili, kwa sababu fimbo humnyamazisha mbwa ukiwapo tu, na dawa humlaza huku kinachomliza kikiendelea.

Anza na maradhi. Funua mdomo wake utazame fizi, ambazo kwa mbwa mzima huwa za waridi. Zikiwa zimepauka, naye amekosa hamu ya kula, papasa ndani ya masikio na katikati ya vidole utafute kupe, kwa kuwa homa zinazoletwa na kupe ni za kawaida sana katika jiji letu. Akilia anapoinuka au anapoguswa mahali fulani, hayo ni maumivu, na anayestahili kuyatibu ni daktari wa mifugo. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa zinaweza kumharibu tumbo na figo. Tumbo likivimba naye akajaribu kutapika bila kutoa kitu, usisubiri asubuhi. Sauti ikibadilika ghafla, mate yakamtoka na akashindwa kumeza, usimguse kabisa, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kuwa ni dume, ulizia pia kama kuna jike jirani aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa. Hali hiyo hudumu wiki 2 hadi 3, na kilio cha namna hiyo huisha chenyewe.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, mimi nashuku banda. Wengi wetu tunamfungia mbwa mchana kutwa ili awe mkali usiku, kisha tunashangaa akilia, ilhali ni mnyama wa kundi aliyekaa peke yake saa nyingi bila la kufanya. Ingia uani kwako saa tisa alasiri, uchuchumae mlangoni mwa banda: kama ni la bati na limeelekea magharibi, utalihisi joto usoni kabla hujaligusa, na huenda ukakuta bakuli la maji limepinduliwa. Hilo peke yake linatosha kumliza. Weka kivuli, tumia bakuli zito lisilopinduka, mtembeze alfajiri kabla jua halijawa kali, na mfichie dagaa ndani ya vifuu vya nazi uani ili apate kazi ya kunusa na kutafuta. Kwangu, dagaa walisaidia kuliko matembezi marefu, jambo ambalo sikulitarajia.

Ukishahakikisha kwamba haumwi, ana maji na amechangamshwa, ndipo uanze kumfundisha. Usimfungulie wala kumsemesha akiwa analia. Subiri anyamaze, hata kwa pumzi chache, kisha umwendee upesi, na kila siku uongeze kidogo muda wa ukimya unaoungoja. Ni lazima watu wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, wakubaliane, maana akitokea mmoja anayemtupia ugali ili anyamaze, mbwa atajifunza kwamba kulia kunalipa. Siku za mwanzo kilio huweza kuzidi, na ukimfungulia wakati huohuo utakuwa umemfundisha kulia kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo waombe majirani uvumilivu mapema. Utaratibu huu haumfai mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake juzi: huyo mlaze karibu na watu mpaka azoee.

Kwa siku chache zijazo andika saa anayoanza kulia, kilichotokea muda mfupi kabla, na kinachomnyamazisha, kisha ubandike maelezo hayo hapa pamoja na hali ya fizi zake, ili wafugaji wenzetu wakupe jibu la uhakika zaidi.